Mwenyekiti Alipohamia Stoo

Juzi Neema, binti wa jirani yangu hapa Tandika, alikuja kukaa na mie barazani. Anafanya kazi kiwanda cha sabuni, na wenzake wamemchagua awe mwakilishi wao kwenye chama cha wafanyakazi. Alikuja amevaa fulana mpya ya chama, mikunjo ya kutoka dukani bado inaonekana. Akaniamkia, nikamwitikia, nikaitazama ile fulana mpaka akaona haya.

"Bibi, mbona unanitazama hivyo?"

"Nakutazama kama watakavyokutazama wenzako kuanzia kesho."

Hakupenda. Alitegemea nimpongeze. Nilimpongeza baadaye, na chai nikampa, lakini nilianza na hilo makusudi. Na nyie wengine mnaoingia viwandani, wa Mbagala, wa Kinondoni, popote mlipo, nawaambia vilevile. Mie nilifanya kazi kiwanda cha plastiki upande wa Chang'ombe tangu usichana mpaka magoti yalipogoma. Nilikuwa mwanachama wa kawaida kwa miaka mingi, halafu mwenyekiti wa tawi kwa miaka michache. Nimesimama nje ya mlango wa ofisi ya meneja nikijiuliza wanaongea nini humo ndani, na nimekaa humo ndani nikijua wenzangu wanajiuliza. Kote kuwili sikuwahi kutulia.

Tulikuwa tunatengeneza mabeseni, ndoo na poti za watoto. Mashine zile ukizielewa si ngumu. Punje za plastiki zinaingia kwa juu, zinayeyuka kwa moto, zinasukumwa kwenye kalibu, kile chuma kizito cha vipande viwili kinacholipa beseni umbo lake. Vipande vinabanana, plastiki inapoa, vinaachana. Unafungua mlango wa mashine, unatoa beseni, unafunga, kazi inaanza upya. Mkononi una kisu kidogo cha kukwangua makali ya ukingo. Ndiyo siku yako hiyo.

Aliyenifundisha ni Mzee Kondo, mtu wa Kisarawe, mchache wa maneno, tambuu haimtoki shavuni. Wiki yangu ya kwanza nilikuwa na pupa, natoa mabeseni kabla hayajapoa. Yanatoka mazuri kabisa, ukiyapanga yanaanza kupinda taratibu kama mtu anayesinzia msikitini. Mzee Kondo akachukua moja, akaliweka sakafuni, likawa linacheza. Akasema, "Hili ukioshea mchele, mchele utahama wenyewe." Akanilazimisha nirudi nalo nyumbani, na mama yangu alilitumia kulishia kuku mpaka likapauka.

Lakini somo lake kubwa lilikuwa mlango. Pembeni ya kila mlango wa mashine pana swichi ndogo. Mlango ukiwa wazi, swichi inakata, kalibu haibani hata ubonyeze nini. Kila asubuhi, kabla hajaanza kazi, Mzee Kondo aliufungua mlango na kubonyeza kitufe, kusudi aone mashine imekataa. Ikikataa ndipo anavua koti. Nilimwuliza siku moja kama hachoki kuijaribu mashine ileile. Akanijibu kwamba mashine haimjui yeye ni nani.

Alistaafu, akarudi kwao. Haukupita muda mrefu, tukaingia asubuhi moja tukakuta swichi zote zimefungwa kwa waya. Zimekazwa hivi kwamba mashine inadhani mlango umefungwa hata ukiwa wazi. Hakuna aliyetuambia nani kaagiza. Ila kila mtu alielewa kwa nini. Bila kufungua na kufunga mlango, kazi inakwenda mbio, na mahitaji ya mabeseni yalikuwa juu. Wengine wetu walifurahi hata, maana kufungua na kufunga ule mlango kutwa kunaumiza bega. Mie niliutazama ule waya, nikamkumbuka Mzee Kondo.

Ndipo tukaenda kwa Sefu.

Sefu alikuwa mwenyekiti wa tawi letu. Msije mkadhani alikuwa mtu wa ovyo. Alikuwa mwenzetu, anafanya kazi chumba cha kuchanganya rangi, kule ambako unatoka jioni makohozi yako mekundu au ya kijani kulingana na ndoo za siku hiyo. Alikuwa na ulimi. Binti mmoja alifukuzwa kwa sababu ya ujauzito, Sefu akaingia ofisini na kutoka, akaingia tena, mpaka binti akarudishwa kazini. Maji ya kunywa ya ukumbini ni yeye aliyeyapigania. Tulipomweleza habari ya waya alikunja uso, akasema, "Hili ni kubwa. Niachieni."

Tukamwachia. Akaingia ofisini kwa Bwana Murtaza, mtoto wa mwenye kiwanda, ndiye aliyekuwa meneja. Bwana Murtaza alizaliwa Kariakoo, Kiswahili chake kinanyooka kuliko cha wengi wetu, na hakuwaga mtu wa kufoka. Sefu alikaa humo ndani muda. Alipotoka akatuambia, "Tumelipokea, tunalifanyia kazi."

Mwezi haujaisha, Sefu akahamishwa kutoka chumba cha rangi kwenda stoo.

Nyie hamjui stoo ilikuwa nini pale. Stoo ilikuwa na feni. Ilikuwa na kiti. Mtu wa stoo anarudi nyumbani na shati lake jeupe. Na kabla hatujamaliza kushangaa hilo, mkewe Sefu akapewa kibanda cha chai ndani ya geti, mahali ambapo mama lishe wengine walikuwa wakifukuzwa kama kuku. Basi maneno yakaanza. Chooni maneno, kwenye kubadilisha nguo maneno, na pale kibandani kwenyewe maneno, kwa sauti ya chini, midomo imejaa. Maandazi ya yule mama yalikuwa matamu, sitawaficha. Tulikuwa tunamlaani mume huku tunatafuna.

Mie nikachoka kunong'ona. Nikamfuata stoo mchana mmoja wa mapumziko.

"Mwenyekiti, zile nyaya."

"Dada Tatu, nilishalifikisha."

"Kwa nani?"

"Panapohusika."

"Panapohusika pana mtu?"

Akacheka kidogo. "Wewe leo unanihoji kama polisi."

"Nakuuliza kama mwanachama."

"Tulieni. Haya mambo yana taratibu zake. Tumekubaliana tuvute subira."

"Mmekubaliana wewe na nani? Maana mie sikuwepo, na wenzangu kule chini hawakuwepo."

Akageuka akaanza kupanga ndoo ambazo zilikuwa zimeshapangwa. Nikasimama pale nikiangalia mgongo wake, ile feni inampepea kola. Nikaondoka. Na huo ndio wakati ambao, kama ningekuwa na akili za leo, ningewaita wenzangu wote waje wasimame pale mlangoni na kumwuliza pamoja. Shaka ya mtu mmoja kiongozi anaipangia ndoo. Sisi kila mmoja alikuwa na ya kwake, tumeifunga kwenye pindo la khanga.

Asha alikuwa mashine ya jirani yangu. Mfupi, mcheshi, mzaliwa wa Tandale, mtu anayeweza kukuchekesha mpaka ukasahau kwamba umesimama tangu alfajiri. Asubuhi ile alikuwa akinisimulia habari ya wifi yake na harusi. Beseni lilinasa kwenye kalibu, jambo la kila siku. Akapeleka mkono kulibandua. Mlango uko wazi, waya umeiambia mashine umefungwa.

Nilikuwa nimempa mgongo. Nilichosikia ni mashine ikibana, na sauti yake haikuwa ile ninayoijua. Nikageuka nikakipiga kitufe chekundu kwa ngumi. Asha hakupiga kelele. Alikuwa ananitazama tu, kama vile mie ndiye niliyekatiza hadithi.

Vidole viwili vya mkono wa kulia vilikwenda. Walimkimbiza hospitali na gari la kiwanda. Kabla ya saa ya chakula mashine ilikuwa imeshasafishwa na msimamizi anauliza nani atakaa pale.

Kesho yake tuliitwa ukumbini. Bwana Murtaza alisimama mbele, Sefu kando yake. Meneja alisema amehuzunika, na uso wake ulionyesha hivyo kweli. Kisha akasema, kwa upole uleule, kwamba ajali imetokana na mfanyakazi kutokuwa mwangalifu, na tujifunze kutokana na hilo. Kutokuwa mwangalifu. Ukumbi mzima ukamgeukia Sefu. Alijua habari za nyaya, tulimwambia kwa vinywa vyetu. Tulikuwa tunasubiri neno moja tu. Sefu alitazama viatu vyake. Halafu mkutano ukafungwa.

Sijawahi kusikia ukimya mkubwa kama ule, na nimefanya kazi kwenye makelele maisha yangu yote.

Asubuhi iliyofuata, kwenye chumba cha kubadilisha nguo, hakuna aliyehutubia. Mwenzetu mmoja, ambaye mumewe ni fundi baiskeli, alifungua kikapu chake cha chakula akatoa koleo la kukatia waya. Akaliweka kwenye benchi. Nikasema, "Mie leo naendesha mashine kama alivyonifundisha Mzee Kondo." Tukaingia, tukafungua nyaya zote, mashine baada ya mashine, tukazitupa kwenye pipa la taka. Kila mtu akaujaribu mlango wake, akaona mashine imekataa, kisha akaanza kazi.

Kazi ikawa ya polepole. Fungua, toa, funga. Msimamizi akaja mbio.

"Nyie mmegoma?"

"Hatujagoma," nikamwambia. "Tunafanya kazi. Angalia, hili beseni."

"Mbona polepole hivyo?"

"Ndivyo mashine inavyotaka."

Akaenda, akarudi na Bwana Murtaza, na nyuma yao Sefu katika shati lake jeupe. Meneja alitembea mstari mzima akitazama swichi. Alipofika kwangu akasimama, akamgeukia Sefu. "Mwenyekiti, ongea na watu wako."

Nyie, nilimwangalia Sefu machoni. Nilikuwa na hofu, si ya kufukuzwa peke yake. Nilikuwa nahofu atasema nini, maana akisema turudishe nyaya, kuna watakaorudisha. Alifungua kinywa. "Wafanyakazi wenzangu," akasema. Kisha akakohoa, akakohoa sana, akaweka kitambaa mdomoni. Tukasubiri. Meneja akasubiri. Sefu akakikunja kitambaa chake, akaondoka kuelekea stoo bila kumalizia.

Mpaka leo wapo wanaosema alituokoa kwa kunyamaza. Na wapo wanaosema alikohoa kwa ujanja, asionekane mbaya kwa huyu wala kwa yule. Walipojumlisha ile ya ukumbini na hii, wengi walichagua ujanja.

Siku chache baadaye mkaguzi wa serikali akaingia getini bila taarifa, akakagua milango yote. Nani alimwita, hatukujua. Nyaya hazikurudi tena, na ile kauli ya kutokuwa mwangalifu ikafutwa, Asha akashughulikiwa kama aliyeumizwa kazini. Kumbe ushindi nao una wenyewe. Akaja kiongozi wa chama wa kanda, bwana ambaye miaka yote tulikuwa tunaliona jina lake kwenye kalenda tu. Alihutubia kwamba chama chenu kimepigania milango hii. Alikuja na mpiga picha. Akataka kupiga picha na Asha, ambaye alikuwa amekuja kufuatilia mambo yake, mkono bado una bandeji. Yule bwana akamwambia kwa sauti ya kubembeleza, "Mama, inua mkono kidogo uonekane." Asha akauingiza mkono ndani ya khanga, akamwuliza, "Wewe ulikuwa wapi?" Picha ikapigwa ya mlango.

Uchaguzi ulipofika, Sefu hakugombea. Wakaliweka jina langu.

Mara ya kwanza kuitwa ofisini, Bwana Murtaza alisimama, akanivutia kiti. "Karibu, Mama Tatu." Akaagiza chai. Ilikuwa na iliki, na mie nilikuwa na kiu, nikanywa. Tuliongea habari za glavu na buti, akakubali kidogo, akakataa kidogo. Nikatoka na furaha yangu. Kufika kwenye mashine, mwenzangu wa upande wa kushoto, niliyefanya naye kazi miaka, akaninusa.

"Unanukia iliki," akasema.

Basi. Jioni ile kiwanda kizima kilijua kwamba nimenyweshwa chai ya iliki, na kufika kesho chai ilikuwa imeota sambusa. Nilikasirika mpaka nikashindwa kula. Mie, niliyeufungua waya wa kwanza. Nililala na hasira hiyo, nikaamka nayo, na nilipokuwa naujaribu mlango wa mashine yangu kama kawaida, ikanijia kwamba mie mwenyewe kila asubuhi naijaribu mashine ambayo haijanikosea hata mara moja.

Tangu siku ile sikuingia tena ofisini peke yangu. Nilikuwa nachukua mwanachama mmoja, kwa zamu, yeyote, hata yule asiyenipenda. Huyo ndiye anayetoka kueleza wenzake kilichosemwa, mie nabaki kimya. Mara ya kwanza nilimchukua mama mmoja mpole sana wa upande wa ndoo. Kesho yake wakasema naye kanunuliwa. Nikacheka. Ila baada ya zamu kuzunguka, wakakosa wa kumsema, maana kila mmoja alikuwa ameshainywa ile chai.

Hayo ndiyo niliyomweleza Neema, na akayasikiliza vizuri, ila mwishoni akauliza swali ambalo wote mnaniulizaga. "Sasa bibi, yule Sefu aliwauza au hakuwauza?"

Nikamwambia habari ya mwaka huu.

Nilikwenda hospitali ya Temeke kwa ajili ya haya magoti. Kwenye benchi la kusubiri akaja kukaa mzee mmoja amekonda, anahema kwa kupandisha mabega. Tulikaa kitambo kabla sijamtambua. Yeye alikuwa ameshanitambua.

"Dada Tatu."

"Sefu." Sikumwita mwenyekiti.

Tukaulizana habari za watoto. Mkewe alishafariki, nikampa pole, na pole ile ilikuwa ya kweli. Kisha nikaona sina umri wa kusubiri nafasi nyingine, nikamwuliza palepale, watu wamejaa.

"Ulituuza?"

Hakushtuka. Alivuta pumzi kwa shida, akaanza kuongea taratibu. Kifua kilikuwa kimemwanza zamani, kule kwenye rangi. Siku ile alipopeleka habari ya nyaya, meneja alimsikiliza, halafu akamwambia, naona unakohoa, hutafaa tena chumba kile, nikutafutie pengine. Hakumwambia anyamaze. Hakumpa sharti lolote. Kibanda cha chai nacho kilikuja hivyohivyo, kwa wema.

"Naapa, Tatu, hakuna mtu aliyeniambia nisiseme," akasema. "Ila kila nikitaka kusema, nauona ule unga wa rangi. Nikawa najiambia kesho."

"Na mkaguzi? Ulimwita wewe?"

"Natamani ningesema ndiyo. Sikumwita mie."

Nesi akaita jina langu. Sefu akanishika kiwiko. "Asha yuko wapi siku hizi? Nataka kuongea naye."

Sikumpa namba. Nilimwambia nitamwuliza mwenyewe kwanza. Asha anaishi Tegeta kwa mwanawe, ana wajukuu, na anashona vizuri kwa mkono uleule kuliko mie mwenye vidole vyote. Nilipotoka kwa daktari nikampigia nikiwa bado uwanja wa hospitali, nikamweleza yote kama nilivyoyasikia, sikuongeza wala kupunguza.

"Mpe namba," akasema. "Siku zote alikuwa anatuambia tumepokea, tumekubaliana, tumesikitika. Nataka nisikie kama akiongea na mie atasema tulinyamaza, au atasema nilinyamaza."

Nikarudi kwenye benchi, nikampa.

Kesho yake alasiri Asha akanipigia.

"Kasema, 'Nilinyamaza,'" akaniambia.

"Na wewe ukamwambiaje?"

"Nikamwambia asante kwa kusema. Na nikamwambia asinipigie tena."